Kubadili nadharia ya Einstein hakufuti singulariti
Je, tukibadili nadharia ya Einstein ya mvutano, singulariti katikati ya shimo jeusi, yaani mahali ambapo mpindo wa anga-wakati unakuwa hauna kikomo, itatoweka? Hapana, kubadili nadharia peke yake hakuiondoi. Chukua f(R), nadharia iliyobadilishwa, ile inayoongeza R mraba kwenye hesabu (R ni kipimo kimoja cha mpindo wa anga-wakati): suluhisho la Schwarzschild la 1916, linaloeleza shimo jeusi lisilozunguka, linakubalika humo vilevile lilivyo, maana R yake ni sifuri, na kipimo kingine cha mpindo, cha Kretschmann, bado kinakua kwa M² kugawanya kwa r⁶ (M ni masi ya shimo, r ni umbali kutoka katikati). Ukifika r = 0, kwisha habari. Brans-Dicke, nadharia nyingine iliyobadilishwa, nayo haikuokoi. Hawking alionyesha 1972 kwamba mashimo yake meusi yakishatulia ni yaleyale ya Einstein. Yasiyo na singulariti yapo kwenye karatasi, kama la Bardeen (1968), ila linadai maada ya ajabu inayosukuma badala ya kuvuta kule katikati.