Maombi yakigonga dari: nilivyopita kwenye ukame wa karibu miaka miwili

Mleta mada, nimesoma ulichoandika mara tatu. Unasema umekuwa mtu wa maombi tangu ujana na unaongoza wengine kuimba, lakini tangu upate msiba na kupoteza kazi ndani ya mwaka mmoja, ukipiga magoti unaona maneno yanagonga dari na kukurudia. Unauliza kama imani yako imekufa, na kama uache huduma kwa sababu unajiona mnafiki. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ufunge, ukeshe, ukemee roho ya kukata tamaa. Sina nia ya kubishana nao, maana kufunga kumewasaidia wengi. Ila mimi nimekaa hapo ulipo kwa karibu miaka miwili, na kwangu kufunga ndiko kulikonimaliza kabisa.

Dada yangu aliugua miezi saba. Tulimwombea kwa zamu, na mimi niliwatangazia watu kwamba atasimama na kushuhudia. Akafariki alfajiri moja, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Msibani nilikuwa imara, hata watu wakanisifu. Kilichofuata kilikuja polepole. Nikawa nalala kwa saa mbili au tatu tu kila usiku. Biblia yangu ina utepe mwekundu wa kuwekea alama, na utepe huo ulikaa kwenye ukurasa uleule wa Isaya kwa miezi, mpaka rangi yake ikaingia kwenye karatasi. Nilikuwa nautazama na kujilaumu. Nikajiambia kwamba tatizo ni uvivu wa kiroho, kwa hiyo niongeze bidii. Nikajiwekea mfungo wa siku saba na kukesha. Siku ya tano asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine sakafuni mbele yangu, nikashindwa kuinama kukichukua. Nilikitazama kile kiatu mpaka jua likafika miguuni pangu.

Aliyenitoa pale ni mama mmoja mtu mzima tunayesali naye. Alibisha hodi, akaingia, akakuta nguo safi zimerundikana kwenye kiti tangu wiki iliyotangulia. Hakuniuliza nimeomba lini mara ya mwisho. Alikaa akaanza kuzikunja, moja moja, akinyoosha kola kwa kiganja. Alipomaliza akanipa chakula, akahakikisha nimekula, halafu akasema, "Mwanangu, hata Eliya alilala kwanza." Akaondoka.

Habari ya nabii Eliya nilikuwa nimeifundisha mara nyingi, lakini sikuwahi kuisoma kama mtu anayeihitaji. Ifungue, 1 Wafalme 19. Sura ya 18 ametoka kuwashinda manabii wa Baali kwenye mlima Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha. Ukigeuza ukurasa, malkia Yezebeli anaapa kumuua, naye anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. (Angalia hapo kwamba alimwacha mtumishi. Mtu akivunjika moyo, jambo la kwanza analofanya ni kubaki peke yake.) Sasa tazama Mungu alivyomjibu. Hakumkemea, wala hakumkumbusha muujiza wa Karmeli. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale tena kwa sababu safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Ni baada ya kulala mara mbili na kula mara mbili ndipo alipotembea siku 40 mpaka Horebu, mlima wa Mungu, na ni huko Horebu ndiko alikoulizwa anafanya nini. Maswali ya rohoni yalingoja mwili upumzike kwanza. Nilivunja mfungo wangu siku ileile na wala sijutii.

Huko Horebu kuna jambo jingine nililipita miaka yote. Eliya anaulizwa swali lilelile mara mbili, naye anatoa malalamiko yaleyale mara mbili, karibu neno kwa neno. Alishaona upepo, tetemeko na moto, na akasikia ile sauti ndogo, lakini bado analalamika. Mungu anamsikiliza yote, kisha anampa kazi ya kufanya, anampa Elisha wa kuwa naye, na kumwambia wamebaki watu 7,000 wasiompigia Baali magoti. Yeye alikuwa anahesabu mmoja tu.

Hilo lilinifundisha kulalamika mbele za Mungu badala ya kulalamika mbali naye. Mpaka wakati huo nilikuwa naomba kama mtu anayejaza fomu: asante kwa uzima, bariki hiki, linda kile, amina. Maneno safi yasiyo na mimi ndani yake. Usiku mmoja nilifungua Zaburi 88 nikaisoma kwa sauti. Kama hujaisoma karibuni, nenda uone inavyoishia: inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kuifungia vizuri, na bado imo ndani ya Biblia, iliimbwa na watu wa ibada. Yeremia naye, sura ya 20, anamwambia Mungu waziwazi kwamba amemhadaa. Nilipoona hayo, nikathubutu kusema lililokuwa limenikaa kooni: "Nilikuamini, nikawaambia watu, ukaniacha niaibike." Nililia nikakwamia kwenye sentensi hiyo. Hakuna kilichobadilika usiku ule. Lakini yalikuwa maombi yangu ya kwanza ya kweli tangu mazishi, na maneno hayakugonga dari, kwa sababu safari hii yalikuwa na uzito wangu mwenyewe.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama imani yako imekufa, nakujibu kwamba sioni maiti hapa. Mtu asiyeamini hasumbuliwi na ukimya wa Mungu. Anayeumizwa na ukimya ni yule aliyezoea kuongea naye.

Kuhusu unafiki. Charles Spurgeon, mhubiri wa Uingereza, alikuwa na miaka 22 tu mwaka 1856 pale mtu alipopiga kelele za uongo za moto katikati ya ibada yake London, watu wakakanyagana, saba wakafa. Alizongwa na huzuni nzito mara kwa mara katika maisha yake, na aliwaeleza wanafunzi wake wa uchungaji bila kuficha. Mama Teresa naye, mtawa aliyewahudumia maskini wa India, barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, zinaonyesha kwamba kwa miongo mingi alihisi giza na ukimya ndani yake, huku akiwahudumia wanaokufa kila siku. Je, hao walikuwa wanafiki? Mnafiki anaigiza asichokitaka. Wewe unakitaka mpaka kinakuuma.

Hata hivyo, mimi nilipumzika huduma miezi minne, na nakushauri ufikirie hivyo. Nilimweleza kiongozi wangu ukweli wote, nikakaa viti vya nyuma, nikaacha wengine waimbe kwa niaba yangu. Kuna siku sikufungua kinywa kabisa. Kuna faida kubwa ya kubebwa ambayo sisi tuliozoea kubeba hatuijui.

Nyumbani nilibaki na mambo machache sana. Asubuhi mistari miwili tu, Maombolezo 3:22-23, ile ya rehema zilizo mpya kila siku asubuhi. Watu huichapa kwenye kadi, lakini isome na inayoitangulia: mwandishi ametoka kusema Mungu amemvunja meno kwa changarawe. Yerusalemu umeteketezwa, na mistari hiyo ya tumaini imekaa katikati ya kitabu cha sura tano za kilio, kisha kilio kinaendelea. Niliipenda kwa sababu hiyo. Haikunidai nijisikie vizuri, na ilinipa posho ya siku moja tu, kama mana. Jioni niliandika mstari mmoja kwenye daftari, na tarehe yake. Kurasa za kwanza ni za kusikitisha: "Nimelala kwa saa nne." "Mvua." "Nimeoga." Wiki ya sita kuna uliosema "Nimecheka", na nakumbuka nilijiona nimemsaliti dada kwa kucheka. Nikaliandika na hilo pia.

Sasa hili naomba ulisome taratibu. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kutoona raha ya chochote, kujiona huna thamani, hayo yakidumu wiki mbili au zaidi yanaweza kuwa sonona (depression), nayo ni maradhi kama maradhi mengine. Mimi nilienda kwa daktari mwezi wa kumi baada ya mazishi, na najuta kuchelewa. Nilipata dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba dawa ni kukosa imani. Na kama kuna saa unawaza kujidhuru au kwamba heri usingekuwepo, usimalize usiku huu bila kumwambia mtu aliye karibu nawe, uso kwa uso, na uende naye hospitali.

Huenda utauliza pia nilijuaje kwamba nimepona. Sikujua kwa siku moja. Nilikuwa kiti cha nyuma, wimbo ukiendelea, nikashtuka kusikia sauti ya pili inaimbwa karibu sana na sikio langu. Nilikuwa naimba mimi. Sijui nilianza ubeti gani. Yule mama alikuwa safu ya mbele yangu, hakugeuka, alinyoosha tu mkono nyuma ya kiti chake, nami nikaushika. Dada bado namkosa, na sina jibu la kwa nini hakupona. Utepe sasa unasogea.

Nitarudi hapa kesho jioni. Kabla hujanieleza lolote kuhusu maombi yako, niambie kwanza: usiku wa kuamkia leo umelala kwa saa ngapi, na umekula nini leo?