Je, inafaa kununua hisa za kampuni za silaha?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kibuye, Kisumu. Rafiki alinionyesha programu ya simu, nikanunua hisa kidogo za Lockheed Martin, kampuni ya silaha ya Marekani, ili faida ilipe ada ya dada yangu aliye kidato cha 3. Anasema silaha ni chuma tu, dhambi ni ya anayefyatua, na kwamba Mtume (s.a.w.) alimsifu mtengeneza mshale. Je, ni halali?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Hoja hii imeenea kwa vijana wetu, na kinachoniuma ni kwamba inaitumia hadithi nusu nusu.

Hadithi ya mshale wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Isome yote: mtengenezaji anayeingia Peponi ni yule anayekusudia kheri kwa kazi yake. Kampuni inayomuuzia mnunuzi huku habari za anachokifanya zimejaa kila mahali haina fungu humo. Bukhari amenukuu kwamba Sahaba Imran bin Huswayn alichukia kuuza silaha wakati wa fitna, yaani watu wanapopigana wao kwa wao. Na kuhusu pombe, Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi, wakiwemo anayeikamua, anayeibeba na anayekula thamani yake. Ikiwa dhambi ya pombe haiishii kwa mnywaji, iweje damu ihesabiwe kwa mfyatuaji peke yake?

Tarehe 9 Agosti 2018, huko Dahyan, Yemen, basi la wanafunzi lilipigwa bomu wakafa watoto 40. Wataalamu waliyatambua mabaki: bomu la MK 82, la kampuni hiyo hiyo uliyonunua hisa zake.

Tena tazama inavyopata pesa. Karibu robo tatu ya mauzo yake hutoka kwa serikali ya Marekani, yaani kodi za wananchi. Vipuri vya F-35, ndege yake ya kivita, hutengenezwa katika majimbo zaidi ya 40, kwa hiyo mbunge anayetaka oda ipunguzwe huulizwa ajira za watu wake zitakwenda wapi. Gharama ya ndege hizo kwa maisha yao yote inakadiriwa kupita dola trilioni 2. Eisenhower, rais wa Marekani aliyekuwa jenerali wa vita, aliwaonya wananchi wenzake juu ya nguvu hii mwaka 1961. Mwenye hisa ni mshirika ndani yake. Atainuaje mikono kuomba amani, na ada ya dada yake inangoja vita viendelee?

Nchi kujilinda ni jambo jingine, hilo silikatazi.

Kwa hiyo uza hisa hizo. Mtaji ni wako. Faida itoe kwa maskini bila kunuia thawabu ya sadaka. Hesabu kwa shilingi: ukinunua kwa 40,000, ukauza kwa 52,000, na makato ya kuuza yakawa 800, toa 11,200. Ongeza gawio, yaani fungu la faida ambalo kampuni huwagawia wenye hisa, lililokufikia mkononi, baada ya Marekani kukata asilimia 30 yake.

Najua ada haingoji, ndugu yangu, na kumsomesha dada yako ni ibada. Lipa kwa huo mtaji uliorudi. Pungufu likibaki, mchukulie fomu ya basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, mapema, ipigwe muhuri na shule na kutiwa sahihi na chifu, kisha nakala yake uipeleke kwa kamati ya zaka ya msikiti wako pamoja na karatasi ya ada ya muhula.