Juu ya kabati hapatoshi

Umeuliza uifiche wapi bastola yako nyumbani, na kama juu ya kabati panatosha. Hapana, usiiweke hapo, hata ukiifunika kwa mablanketi. Mtoto anayeweza kusogeza kiti anafika, na watoto wanayajua maficho ya wazazi wao kuliko tunavyodhani. Chukua sefu ndogo ya chuma ya kufungua kwa namba, uikaze kwa bolti ndani ya kabati la nguo. Nyuma ya nguo zilizotundikwa mgeni haioni, na mwizi hawezi kuibeba kwapani. Zile saa za ukutani na rafu zenye nafasi ya siri achana nazo: nyingi hufungwa kwa sumaku tu, na mtoto akikuona mara moja, basi.

Nafanya kazi ya kufuli, kwa hiyo jambo moja usilipuuze. Kabla ya kulipia, ifunge sefu ikiwa tupu, kisha ipige ngumi kwa juu huku ukizungusha kitasa. Za bei ya chini nyingine hufunguka hapo hapo, maana kipini cha ndani kinachozuia kitasa kinarushwa na mtikisiko.

Sefu ya alama ya kidole ni ya haraka, ila kidole kikilowa inagoma, hivyo iwe na namba pia. Badilisha betri kabla hazijaisha. Ufunguo wa dharura usikae chumba hicho hicho (wengi huutupa kwenye droo ya kitanda!), na risasi zifungie kando. Soma pia masharti ya leseni yako, huenda yanataja aina ya sefu.