Kuzunguka miji ya Ulaya na washkaji ukiwa mwanafunzi, majibu yangu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza kwamba uko Ujerumani unasoma masters, mko wanne, mnataka likizo ya Pasaka mpige Berlin, Amsterdam, Brussels, Paris, Prague, Vienna na Roma ndani ya siku nane na hela ya mwanafunzi, je inawezekana. Mabasi yapo, kwa hiyo kufika mtafika. Ila ntakujibu kama ningemjibu mdogo wangu: kata miji mitatu. Mimi nilifanya safari ya namna hiyo nikiwa chuo Leipzig, tulikuwa mimi, Mkenya mmoja wa Kisumu, dada mmoja ambaye kwao ni Lindi na jamaa wa Goma, na miji tunayoisimulia mpaka leo ni ile tuliyolala na kuamka, ile ya kupita asubuhi na kuondoka jioni hata picha zake tunazichanganya.

Tuanze na makaratasi maana hapa ndo watu wanakwama. Ukiwa na kibali cha kuishi cha Ujerumani huhitaji viza nyingine kutembelea nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja), unaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Lakini lazima ubebe paspoti yenyewe pamoja na kile kikadi cha kibali, picha ya kwenye simu haitoshi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo basi la usiku linaweza kusimamishwa saa tisa usiku, polisi wakapanda na kukusanya makaratasi siti kwa siti, na mtu mweusi asiye na paspoti muda huo anapata tabu ambayo sikuombei. Uingereza haimo Schengen, asikudanganye mtu kwamba mkifika Paris mnaweza tu kuchomoka hadi London.

Usafiri sasa. Ndani ya Ujerumani kama mna ile tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket itumieni, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikawa 58 na 2026 imefika 63, inapanda treni zote za mikoa na tramu na mabasi ya mjini ila haipandi treni za kasi za ICE. Kuvuka nchi sisi tulitumia mabasi, tuliyakata mapema wiki kadhaa kabla maana yakikaribia bei inapaa, na Pasaka ndo usiseme. Kuna pia tiketi ya Interrail, moja ya kupandia treni za nchi nyingi, na watu wengi wetu hawajui kwamba Mwafrika mwenye kibali cha kuishi Ulaya anaruhusiwa kuinunua, na mkiwa hamjazidi miaka 27 mnapata bei ya vijana. Ila treni za kasi kama TGV na Eurostar zinataka ulipie siti juu yake, hapo piga hesabu vizuri kabla ya kushangilia.

Basi la usiku linaokoa hela ya hosteli, hiyo ni kweli, na kila mtu atakushauri hivyo. Mimi nasema usiku mmoja tu katika safari nzima. Ukipanda siku mbili mfululizo unafika mji mzuri macho mekundu, miguu imevimba, mnaanza kununiana kwa vitu vya kijinga, na siku yote ya kesho mnatafuta benchi la kukaa. Hiyo hela uliyookoa umeilipa kwa mji mzima.

Berlin wekeni siku mbili kamili. Ukuta wa Berlin na lile geti la Brandenburg mtaviona tu, viko njiani, ila nakuomba kwa dhati nendeni makumbusho ya Museum für Naturkunde. Ukiingia tu ukumbi wa kwanza unakutana na mifupa ya dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na huyo mnyama katoka Tendaguru, Lindi. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, yaani vita ya Maji Maji imeisha 1907 na watu wa kusini bado wanazika ndugu zao waliokufa kwa njaa, halafu haohao ndo wanabeba mifupa kichwani na mabegani kutoka porini hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Yule dada wa kwetu alisimama chini ya shingo lile kaangalia juu muda mrefu sana, hajapiga picha hata moja, akasema bibi yake kazaliwa vijiji vya karibu na pale na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwambia kitu kama hiki kipo. Sisi tukanyamaza. Msimamizi mkubwa wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wetu, na ilibidi ifike 2007 ndo mnyama mwingine wa kutoka palepale Tendaguru akapewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Mimi nataka kila Mtanzania anayepita Berlin aende pale. Jumatatu kwa kawaida wanafunga, pangeni.

Mkitoka hapo pandeni treni ya mjini U6 mpaka stesheni ya Rehberge, kuna mtaa mmoja eneo la Wedding ambao zamani uliitwa Petersallee, ulipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, huyu mkono wa damu tunayemsoma shuleni. Agosti 2024 sehemu yake moja imekuwa Maji-Maji-Allee. Ni barabara ya kawaida tu, miti na maghorofa na watu wanatembeza mbwa, lakini kusoma lile bango kwa macho yako ni kitu kingine kabisa.

Amsterdam sitakaa sana. Ni mzuri, ni ghali kulala, baiskeli hazikusubiri kwa hiyo usitembee kwenye njia zao nyekundu. Kama mnataka nyumba ya Anne Frank tiketi ni mtandaoni tu, zinatoka kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele, ukifika mlangoni hupati. Nyuma ya stesheni kuu kuna pantoni ya bure ya kuvuka kwenda Noord, pandeni jioni.

Brussels watu wanaidharau, wanasema mji wa maofisi. Kwangu ndo ilikuwa roho ya safari. Shukeni metro Porte de Namur mtembee dakika chache mko Matonge, mtaa ulioitwa kwa jina la Matonge ya Kinshasa, saluni, vitenge, samaki wa kukaushwa, muziki unatoka kila mlango. Tuliingia kimgahawa kidogo, jamaa wa Goma akaanza Kilingala chake cha kubahatisha, mama akamsikiliza kidogo kisha akatugeukia wote, "Muko batu ya wapi?" Kumbe ni wa Bukavu. Basi ikawa Kiswahili mpaka usiku, yeye cha kwao sisi cha kwetu, akatuletea sombe (kisamvu) imepondwa sawasawa, ina mawese, na ugali wa muhogo na samaki, kisha akakataa tuondoke kabla hajajua wazazi wetu wako hai. Baada ya siku kadhaa za mikate ya supamaketi, Mkenya wetu alikula kimyakimya mpaka sahani ikawa nyeupe. Hapo mlangoni mwa Matonge kuna uwanja mdogo wa Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018.

Kesho yake chukueni tramu 44 kutoka Montgomery, inapita msituni mpaka Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika ya Kati. Waliifungua upya Desemba 2018 baada ya ukarabati wa miaka kadhaa. Mkimaliza ndani tembeeni hadi kanisani hapo mjini, nje kuna makaburi saba ya Wakongo. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho, wakawekwa kwenye vibanda watu waje kuwatazama, saba wakafa. Jamaa yetu wa Goma aliomba tumwache pale peke yake, tukamsubiri barabarani. Ndo maana nasema usiende Brussels na ratiba ya kupiga picha na kale kasanamu ka mtoto anayekojoa na kuondoka.

Paris nenda na kikadi chako cha kibali mfukoni maana mkiwa chini ya miaka 26 na mnaishi nchi ya Umoja wa Ulaya, Louvre mnaingia bure, ila lazima mkate muda mtandaoni na Jumanne wamefunga. Eiffel pandeni kwa ngazi hadi ghorofa ya pili, ni ngazi 674, bei ni nafuu kuliko lifti na foleni yake huwa fupi. Begi libebwe mbele kwenye metro, hasa mistari ya watalii. Mkitaka kula na kusikia sauti za nyumbani nendeni Château Rouge, mahindi ya kuchoma yanauzwa palepale mnapotoka stesheni.

Suala la hela kati yenu ndo linavunja urafiki kuliko kitu chochote. Sisi kabla ya kuondoka kila mtu alichanga kiasi kilekile, dada wa Lindi akawa mweka hazina, chakula, tramu, choo (ndio, vyoo vya stesheni vinalipiwa) vyote vikatoka humo, na anayetaka bia au zawadi anatoa mfukoni mwake. Hakuna aliyemdai mwenzake. Hosteli tafuteni yenye jiko, mtapika wali na maharage ya kopo, na bebeni kufuli na taulo maana huko vinakodishwa. Na kwa sababu ni Pasaka, kumbuka Ijumaa Kuu, Jumapili na Jumatatu maduka ya Ujerumani yanafunga, nunueni chakula Alhamisi na Jumamosi.

Prague na Vienna ziunganisheni safari yenu nyingine, kutoka upande wa Leipzig au Dresden Prague ni karibu tu, mnaweza kwenda wikiendi yoyote, na Prague wanatumia koruna siyo euro. Roma iacheni kabisa safari hii, kutoka Paris kwa basi ni siku nzima na usiku wake.

Kwa hiyo mimi kwa siku nane naona Berlin, Amsterdam kwa kupita, Brussels na Paris. Hukusema mnaanzia mji gani. Kama mko upande wa Köln au Aachen anzeni na Brussels iliyo jirani, Berlin iwe ya mwisho. Andika hapa mnapoanzia na tarehe, nikuangalizie mabasi.