Nati ya chini ya beseni

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji ni kazi gani ya fundi tuliyowahi kuifanya wenyewe majumbani, na kama tungemshauri mwengine aijaribu. Mimi nilibadilisha mfereji wa beseni la kunawia, yaani koki inayotoa maji, nyumbani kwa mama yangu, Makunduchi, siku chache kabla ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wakati nyumba zinapoanza kujaa wageni na fundi bomba humpati ila kwa ahadi.

Mfereji ule ulikuwa ukivuja kwa miezi. Mama aliutegea kikombe cha bati baada ya Isha, na alipoamka kutia udhu wa Alfajiri alikikuta kimefurika. Maji yetu ni ya kisima kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe; huichukua chokaa njiani na kuiacha popote yanapokaukia, kwa hiyo shina la mfereji lilikuwa limevaa ganda jeupe, gumu kama kombe la pwani.

Dukani Mwanakwerekwe nilionyeshwa mifereji miwili iliyong'aa sawasawa. Mmoja ulikuwa wa shaba ya manjano iliyochovywa kromu, mzito mkononi. Wa pili ulikuwa mwepesi kama kitu cha kuchezea watoto, na bei yake nyepesi vilevile. Nilichukua ule mzito, kwa sababu upepo wa chumvi tunaoishi nao hautakawia kuula huo mwengine. Nilinunua pia mipira miwili mipya ya kuunganishia, ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, kwani kurejesha mipira mikuukuu kwenye mfereji mpya ni kujitafutia kazi ya mara ya pili.

Nilidhani kazi ni kufunga. Kumbe kazi ni kufungua. Nilifunga maji kwenye tangi, nikauacha mfereji wazi mpaka ukakauka, nikaweka ndoo chini, kisha nikalala chali na kichwa changu kikaingia baina ya ukuta na bomba la maji machafu. Nati inayoushika mfereji imejificha huko juu, nyuma ya beseni, mahali ambapo spana ya kawaida haipati hata nafasi ya kugeuka. Niliizungushia kitambaa kilicholowa maji ya ndimu. Chokaa ikatoa povu, nami nikaiacha hivyo hadi baada ya Adhuhuri. Niliporudi nilikaza meno na kuvuta, nati isitikisike.

Jirani yetu, mzee aliyefanya ufundi bomba maisha yake yote, aliingia kumsalimu mama, akasimama mlangoni akiitazama miguu yangu. “Mwanangu,” aliniuliza, “unafungua au unakaza?” Nilikuwa nikikaza. Nilikuwa naufikiria mfereji kama ninavyouona nikisimama, ilhali kwa aliyelala chini yake upande wa kufungulia ni kinyume na hivyo. Alimtuma mjukuu wake alete spana yake ya shingo ndefu, yenye kichwa kinacholala, na kwa mivuto mitatu nati ikaachia, ikaniangukia kifuani pamoja na kutu.

Kufunga hakukuchukua hata nusu saa, ila nilikosea tena. Niliviringisha tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji kwenye uzi wa skrubu, mahali ambapo ndani ya nati ya ule mpira wa kuunganishia tayari mna washa, kipete laini cha kuzuia maji, halafu nikakaza kwa nguvu zote, nikaiponda washa yenyewe. Pahala pale tepu haihitajiki. Hukazwa kwa mkono mpaka nati ikatae, kisha spana huongeza kama robo ya mzunguko. Nilitia washa nyengine, nikatandaza gazeti kavu sakafuni, nikafungulia maji pole pole. Gazeti lilibaki kavu mpaka asubuhi. Jengine ambalo wengi hulisahau: kabla ya kuanza kuutumia mfereji mpya, fungua kichujio cha mdomoni uyaache maji yatoke, kwa sababu mchanga na vipande vya chokaa vilivyochokozwa ndani ya bomba hukimbilia hapo hapo.

Kwa hiyo, ndiyo, namshauri mwengine aijaribu kazi hii, mradi awe na koki ya kufungia maji inayofunga kweli na aazime ile spana ya shingo ndefu kabla hajalala chini. Bomba lililozikwa ukutani ni jambo jengine. Hilo mimi bado namngojea fundi, hata akiniahidi mara tatu.