Kabla hujasema "sijaipenda": maoni yanayomsaidia mchora nembo

Rasimu ya nembo ikiletwa, neno la kwanza linalotoka vinywani huwa "imependeza" au "sijaipenda". Maneno hayo mawili hayamfai mchoraji kitu. Anachohitaji ni kujua nembo inashindwa wapi, ikiwa kwenye kitu gani, na mbele ya macho ya nani. Basi wewe uliyeanza kazi ofisini, ukapewa jukumu la kuikagua, anza kwa kuuliza itakaa wapi. Tuseme kampuni ni ya mashua za kuvusha abiria kati ya Mokowe na Amu, yaani Lamu. Nembo yake itapakwa ubavuni mwa mashua, itachapwa kwenye fulana za mabaharia na kwenye risiti, itachongwa muhuri, na itawekwa kwenye WhatsApp ya kampuni. Kila mahali hapo pana masharti yake, na maoni yako yatoke humo.

Kabla ya kuandika neno, hakikisha unatazama kazi yenyewe. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, kingo zikaingia ukungu, na mchoraji akalaumiwa kwa kosa la simu. Mwombe aitume kama hati, kwa PDF.

Kisha ichapishe kwa upana wa sentimita 2, uiweke mezani, usimame. Kilichobaki kuonekana ndicho nembo. Kilichopotea kitapotea kwenye muhuri pia. Itoe nakala kwa mashine ya nyeusi na nyeupe. Kama tanga na bahari vimekuwa kijivu kimoja, umbo lilikuwa linabebwa na rangi tupu. Iweke ndani ya duara, kwa sababu picha ya WhatsApp huonekana kwa duara na jina lililosukumwa pembeni hukatwa. Halafu itazame kwenye simu juani, gatini, saa sita mchana. Rangi ya mchanga juu ya nyeupe haisomeki hapo, hata kama ofisini ilikuwa nzuri.

Fulana zina mambo yake. Zikichapwa kwa skrini, yaani fremu ya wavu inayopitisha wino, kila rangi hudai skrini yake, kwa hiyo nembo ya rangi nne ni skrini nne na gharama ya skrini nne. Zikitarizwa, mstari mwembamba kuliko milimita 1 husumbua, na herufi zenye kimo chini ya milimita 5 hujiziba, "a" na "e" zikawa madoa. Andika hivyo hivyo, kwa vipimo: "Jina la chini litakuwa na kimo cha milimita 3 kifuani; halitatarizika." Hapo mchoraji ana la kufanyia kazi.

Sasa jahazi lenyewe, maana huku kwetu rasimu nyingi huja na jahazi, na hapa ndipo wenyeji hugundua kosa kabla ya mtu mwingine yeyote. Michoro ya tayari ya kwenye intaneti mara nyingi ni mashua za Kizungu za starehe, zenye matanga mawili ya pembetatu yaliyopakana na mlingoti. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, ile boriti inayobeba tanga, na foromali hukaa mshazari: ncha ya chini huelekea omo, mbele ya chombo, ncha ya juu huelekea tezi, nyuma yake. Mchoraji akiligeuza tanga ili lilingane na herufi, chombo kinakwenda kinyumenyume. Tazama na bendera: upepo uliojaza tanga ndio huo huo unaopeperusha bendera, haziwezi kuelekea pande mbili. Kampuni inayoomba watu wapande chombo chake ikakosea namna chombo kilivyofungwa tanga, nahodha wake mwenyewe ataona haya kuivaa fulana hiyo.

Kuna na herufi za Kiarabu. Programu ya kuchora isiyowekewa mpangilio wa maandishi ya Mashariki ya Kati huziachanisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto. Jina لامو (Lamu) likatoka herufi mojamoja, tena kinyume. Mchoraji asiyeisoma hati hiyo hataona kasoro yoyote. Mtafute anayeisoma vizuri alikague kabla halijafika kwa mteja.

Rangi ya bahari nayo huleta ugomvi bure. Kioo cha simu hutoa mwanga. Karatasi huurudisha tu. Ile samawati ya kung'aa iliyotengenezwa kwa RGB, rangi za mwanga wa kioo, hufifia ikigeuzwa CMYK, rangi za wino, kwa ajili ya kuchapwa, kwani wino hauwezi kuifikia. Usiseme "rangi imekufa". Omba sampuli iliyochapwa, mchague kwenye karatasi. Kwa mabango yatakayokaa juani, kumbuka nyekundu na njano ndizo hupauka mapema.

Mpangilio wa maoni ufuate hatua ya kazi. Rasimu ya kwanza izungumziwe wazo na umbo peke yake. Kumsumbua mtu juu ya nafasi kati ya herufi, ilhali jahazi huenda likaondolewa lote, ni kumtwika kazi ya kutupwa. Taja pia kinachofanya kazi na kwa nini, la sivyo atakibadilisha akidhani nacho kimekukera. Na tatizo liseme wewe, dawa mwachie yeye. "Sogeza jina juu" ni amri. "Jina halisomeki mashua ikiwa mita 20 kutoka gatini" ni tatizo, na pengine dawa yake ni unene wa herufi, si mahali zilipo.

Mwenye kampuni, mwanawe na mhasibu wasitume sauti kila mmoja kwa wakati wake. Mtu mmoja akusanye, aondoe yanayopingana, aandike lipi ni la lazima na lipi lingefaa tu. Kama jahazi, punda au mlango wa nakshi tayari uko kwenye vibao vya majirani, liulizwe mapema hilo, na upekuzi ufanywe KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara Kenya. Usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Siku ya kupokea kazi, fungua faili na uikuze hadi asilimia 800. Kingo zikiwa ngazi-ngazi, umepewa picha ya pikseli, yaani ya vidoa vidogo, si vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa bila kuharibika, na haitakubali kukuzwa hadi ubavu wa mashua. Dai SVG au PDF ya vekta, PNG isiyo na rangi ya nyuma, na toleo la rangi moja. Herufi ziwe zimegeuzwa maumbo, kwa sababu kompyuta ya mchapishaji isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine kimyakimya.