Re: Linki za stebilaiza kwenye Datsun ya zamani

Ndugu, hiyo ko-ko-ko unayosikia mbele ukipita kwenye mashimo, na umesema raba za linki zimeshapasuka, hapo badilisha linki (bolti na raba zinazounganisha stebilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, na amu ya gurudumu) pande zote mbili, usifunge mpya upande mmoja. Inua magurudumu YOTE mawili ya mbele uweke stendi, maana ukiinua moja tu stebilaiza inajikunja na bolti inakataa kutoka. Bolti ikiwa na kutu pulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, ikigoma kata kwa msumeno, si utafunga mpya hata hivyo.

Kwa linki za bolti ndefu kama zako mpangilio ni huu: kichwa cha bolti, washa, raba, loa amu (amu ya chini ya gurudumu), raba, washa, kibomba (kile cha katikati kinachopitiwa na bolti), halafu washa, raba, stebilaiza, raba, washa, nati. Upande wa washa uliobonyea kama kisahani utazame raba. Kaza mpaka raba ifure ilingane na ukingo wa washa basi, ukizidisha itapasuka mapema sana. Na grisi ya kawaida usipake kabisa, inaila raba.

Pale Kisekka, soko la vipuri Kampala, nenda na linki yako ya zamani mkononi mlinganishe urefu wa kibomba, halafu ukiwa chini ya gari angalia pia bushi za raba zinazoshika stebilaiza kwenye chesisi, nazo hugonga vilevile.